Mnyororo wa boya unanilia boti

SWALI: Habari za kazi wakuu, nina boti ya faiba hapa Nungwi ya kupeleka wageni kusnokeli, inalala kwenye boya kwa mnyororo, sasa kusi hii yote mnyororo umekwangua faiba pale omo (mbele ya boti) na kile chuma cha mbele kishaanza kuchimbika. Nifunge matambara?

JIBU: Salama kaka. Matambara achana nayo, yanashika chumvi na mchanga alafu yanasugua kama msasa. Shida ni kwamba mnyororo haunyumbuki, kila wimbi likiinua boti nguvu yote inaishia kwenye hicho chuma chako. Mnyororo ubaki chini ya boya, kuanzia boya mpaka kwenye boti weka kamba nene ya nailoni, ile inavutika kidogo so inameza mshtuko, na we weka mbili, kila moja kwenye kigingi chake pale kwenye boti, moja ikikatika usiku boti haiendi kwa jirani. Pale kamba inapogusa boti ivalishe kipande cha mpira wa bomba la maji, ukifunge kisihame, maana kikihama ni sawa na hamna.

Af bamvua kubwa (maji makuu) huko maji yanapanda hadi kama mita 4, mnyororo na kamba kwa pamoja vikiwa vifupi vitavuta omo chini. Chuma kilichochimbika badilisha, usipake rangi tu. Na zamia ucheki mnyororo wenyewe, unalika zaidi pale unapoburuzika mchangani.