Presha ya mzee kushuka akisimama

Pole sana dada, kama mzee ana sukari ya miaka mingi na akiinuka tu macho yanaingia giza, usikubali kuambiwa ni damu pungufu bila kumpima vizuri, maana sukari ikikaa sana inaharibu neva zinazobana mishipa ya damu mtu anaposimama, sasa damu inabaki miguuni, kichwani haifiki ya kutosha. Apimwe presha akiwa amelala dakika 5 halafu tena akisimama dakika ya 1 na ya 3, ile ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, ndo hiyo presha ya kushuka akisimama. Wengi wanampima mtu amekaa tu, hapo hamuioni!

Asubuhi kabla hajainuka anywe glasi mbili za maji kwa mkupuo, akae ukingoni mwa kitanda achezeshe miguu kwanza. Kizunguzungu kikianza akae chini hapohapo hata kama ni njiani, nyonga ikivunjika kwa mtu mzima ni balaa jingine. Kuoga maji ya moto sana na mlo mkubwa wa ugali au wali vinamshusha pia, bora ale kidogo kidogo.

Chumvi msiongeze bila daktari, na kama moyo au figo zina shida hata hayo maji ya kunywa asubuhi muulizeni kwanza. Na dawa zake zote bebeni mwende nazo, za presha, za tezi dume, za kukojoza, zinaweza kuwa ndo zinamwangusha, ila msimwachishe wenyewe tafadhali.