Subiri aruke: kwa mwongoza wageni anayeanza kujifunza witia

Mdogo wangu unayeingia kwenye kazi ya kuongoza wageni wanaokuja kutazama ndege, kuna kundi moja la ndege litakalokuaibisha kabla msimu wako wa kwanza haujaisha. Si tai. Ni witia, wale wa jenasi ya Oenanthe: anasimama juu ya kichuguu au mavi makavu ya nyumbu, anakimbia hatua chache, anasimama tena, anatikisa mkia. Jina nimelitohoa kutoka Kiingereza, "wheatear", na huko kwenyewe lilitokana na maneno ya kale yenye maana ya "matako meupe". Cheka kwanza. Kisha ukumbuke kwamba waliompa jina hilo walimtazama kwa nyuma.

Mimi nilimtazama kwa mbele. Ilikuwa Novemba, upande wa Ndutu, kusini mwa Serengeti, na nilikuwa na mzee mmoja mgeni ambaye darubini yake ilikuwa imechakaa kuliko gari letu. Nikaona ndege wa kahawia, nyusi nyeupe, kifua cha rangi ya chai ya maziwa. "Witia wa kaskazini," nikatamka bila kusita. Mzee akaandika kwenye daftari. Ndege akaruka, akatua mbele kidogo. "Na mkia wake umeuonaje?" akaniuliza kwa upole. Sikuwa nimeuona. Akakata mstari juu ya alichoandika, na tangu hapo kila ndege niliyemtaja alimhakiki mwenyewe. Siku ikawa ndefu sana.

Yule alikuwa Oenanthe isabellina. Mimi humwita Isabela tu. Yeye na witia wa kaskazini, Oenanthe oenanthe, ndio watakaokusumbua zaidi, kwa sababu wote wawili huja kwetu kati ya Oktoba na Machi, wote hupenda uwanda wa nyasi fupi, na wakati wanapofika wote ni wa kahawia.

Akiruka, utaona weupe juu ya mkia na alama nyeusi yenye umbo la T iliyopinduliwa. Wote wawili wanayo, kwa hiyo kuiona tu hakutoshi. Pima unene wake. Kwa Isabela, weusi wa ncha ni mpana, unakula karibu nusu ya mkia, na mguu wa ile T unabaki kisiki kifupi. Kwa wa kaskazini, weusi ni mwembamba zaidi na mguu wa T ni mrefu, kwa hiyo weupe unaonekana mwingi. Una sekunde mbili hivi za kuyaona hayo. Ndiyo maana nasema usishushe darubini kwa sababu eti ndege ametulia. Shikilia hapo hapo, mwache mgeni aulize maswali yake, utamjibu huku jicho liko kazini.

Akiwa ametua, angalia bawa. Bawa la Isabela lina rangi iliyokaribiana sana na mgongo, kama shati na suruali za kitambaa kimoja, isipokuwa doa dogo jeusi kwenye pindo la bawa, pale zinapoota manyoya ya kidole gumba. Doa hilo linajitenga kabisa. Bawa la mwenzake ni jeusi-jeusi lote kuliko mgongo, kwa hiyo doa linapotea humo. Nyusi pia husaidia: za Isabela ni nyeupe zaidi mbele ya jicho, za wa kaskazini hupanuka na kung'aa nyuma ya jicho. Na ukibahatika akinyoosha bawa, chungulia kwapani. Isabela ni mweupe huko, mwenzake ana kijivu cha moshi.

Watakuambia Isabela husimama wima, ana miguu mirefu, hukimbia sana. Ni kweli, lakini usiapie. Witia wa kaskazini akishtuka naye hujinyoosha kama askari, na wewe uliyesimama kwenye paa la gari unamwona kwa juu, umbo lote linabadilika. Rangi nayo usiiamini kule Ndutu: ardhi ina majivu ya volkano, jua likipanda mwanga unarudi kutoka chini na kila tumbo linakuwa jeupe. Saa sita mchana, mvuke wa joto ukianza kucheza juu ya uwanda, mimi huacha kabisa kubishana na witia.

Kufika Februari na Machi mambo hulegea. Dume wa kaskazini anapata mgongo wa kijivu na kinyago cheusi, hata dereva asiyejali ndege atamtambua. Hapo ndipo pa kumsimulia mgeni wako kwamba baadhi yao wanatoka Alaska. Watafiti waliwafunga vifaa vidogo vya kufuatilia safari, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha wanasafiri zaidi ya kilomita 14,000 kuja Afrika Mashariki, ndege wa gramu 25 hivi. Wageni hunyamaza wakisikia hilo.

Mwenyeji wetu ni witia mwenye kofia, Oenanthe pileata, ambaye sakafu ya Ngorongoro haikosi. Mkubwa ana mkanda mweusi kifuani, humkosi. Tatizo ni kinda: hana mkanda uliokamilika, ana madoa tu kifuani, na waongozaji wengi humwita Isabela. Rudi kwenye mkia. Wake ni mweusi kwa sehemu kubwa, weupe uko pembeni kwenye shina tu. Angalia na kalenda: kama ni Julai, Isabela na yule wa kaskazini wako mbali huko Ulaya, Asia na Alaska wanalea watoto, kwa hiyo usiwataje.

Yule anayekaa juu ya kijiti au waya wa uzio, kisha anadondoka chini kuokota mdudu na kurudi juu, mfikirie kuwa witia mwingine, Oenanthe pleschanka. Jike lake ni la kahawia iliyokoza, na weusi wa mkia hupanda kidogo kwenye kingo za nje. Lakini ukiwa kwenye miamba ya Bonde la Ufa, kama Hell's Gate karibu na Naivasha, usimtaje upesi, kwa kuwa kuna witia wa Schalow, mkazi wa mwaka mzima anayefanana naye. Schalow ni mnene zaidi, na pale juu ya mkia, penye weupe kwa wenzake, yeye ana rangi ya kutu hafifu. Vitabu vingine humhesabu kuwa spishi kamili, vingine nususpishi, kwa hiyo muulize mgeni anatumia orodha ipi ya spishi kabla hujamwongezea mmoja kwenye hesabu ya ndege aliowaona.