Mbuzi chotara, au mbuzi aliyepandikizwa jeni?

SWALI: Nafundisha biolojia kidato cha nne. Mwalimu mwenzangu huwaandikia wanafunzi "mbuzi chotara" akimaanisha mbuzi aliyetiwa jeni ya binadamu maabara. Mimi huandika "mbuzi aliyepandikizwa jeni". Tufuate lipi? Na je, "kuchanganya DNA" ni sawa?

JIBU: Mwalimu, chotara halifai, na namsihi mwenzako aliache kabla halijaota mizizi katika madaftari ya watoto. Mfugaji akikwambia ana ng'ombe chotara, unaelewa papo hapo: baba Friesian, mama wa kienyeji. Chotara ni habari ya wazazi wawili wa mbegu tofauti, kila mmoja kachangia nusu yake. Mbuzi unayemtaja baba yake ni mbuzi na mama yake ni mbuzi. Kilichozidi ni jeni moja, iliyoingizwa kwa sindano nyembamba mno yai lililorutubishwa likiwa bado seli moja. Mbuzi wa namna hiyo walitoa katika maziwa yao protini ya binadamu inayozuia damu kuganda, na dawa iliyotokana nayo ikaidhinishwa Ulaya mwaka 2006 na Marekani mwaka 2009.

Kupandikiza ndilo neno. Mkulima hupandikiza miche ya mpunga kutoka kitaluni, daktari hupandikiza figo: kitu kinatolewa kilipokuwa, kinawekwa pengine, na huko kinaendelea na kazi yake.

Ila sentensi yako nayo ina kasoro, tena ya kisarufi. Mbuzi huyo akizaa, mwanawe anaweza kurithi ile jeni. Je, naye "amepandikizwa"? Hapana, kazaliwa nayo. "Aliyepandikizwa" husimulia tendo alilofanyiwa mnyama mwenyewe, kwa hiyo linamtosha mzazi tu. Ukitaka kuwataja wote kwa pamoja, andika "mbuzi wenye jeni pandikizi". Na pandikizi likae nyuma ya jeni, maana ukisema "pandikizi la mbuzi" umetaja mbuzi mwenye umbo kubwa ajabu, kama tusemavyo pandikizi la mtu. (Mwaka 1982 wanasayansi Palmiter, Brinster na wenzao walitangaza kwamba panya wadogo waliotiwa jeni ya homoni ya ukuaji ya jamii ya panya wakubwa walikua kupita ndugu zao, wengine karibu mara mbili. Hao maana zote mbili ziliwaenea.)

Kuhusu DNA, ile molekuli inayobeba jeni, andika "kuunga", si "kuchanganya". Katika kazi iliyofungua mlango huu, ya wanasayansi Cohen na Boyer mwaka 1973, kimeng'enya kilikata plazmidi ya bakteria (kiduara kidogo cha DNA) mahali maalumu, kipande kigeni kikawekwa hapo, na kimeng'enya kingine kikagandisha ncha. Vitu vikichanganywa, kama sukari na uji, huwezi tena kuonyesha kipi kiko wapi. Hapa unaweza. Mtazame msukaji wa mikeka anapochomeka mwaa wa rangi katika ukili: ulipoanzia na ulipokomea unapaonyesha kwa kidole. Basi "DNA iliyoungwa".

Vinasaba ni neno ninalolipenda kwa ile nasaba iliyomo ndani yake, lakini wengi sasa hulitumia kwa DNA yote, kama katika "kipimo cha vinasaba". Unapozungumzia kipande kimoja kilichoungwa, baki na jeni: jeni hii, jeni hizi.