Maswali na majibu: kumtia moyo mwandishi mwenzako mtandaoni

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wasomaji walio katika makundi ya uandishi mtandaoni, yale ambayo watu hupeana hadithi, mashairi na sura za riwaya ili wasomeane kabla kazi haijatoka.

Nikimaliza kusoma kazi ya mwenzangu huwa naandika "Hongera, kazi nzuri, endelea hivyo hivyo." Nahisi haimsaidii. Niandike nini?

Hujakosea kuhisi hivyo. "Kazi nzuri" inaweza kuandikwa na mtu ambaye hakufungua hata faili, na mwandishi analijua hilo. Kinachomtia moyo ni kuona kwamba maneno yake yalifika kwa mtu na kumgusa. Kwa hiyo mwonyeshe mahali penyewe.

Soma mara ya kwanza bila kuandika chochote. Mara ya pili weka alama pale uliporudia kusoma kwa raha, pale ulipopotea, na pale ulipotamani kujua zaidi. Kisha nakili sentensi yenyewe, neno kwa neno, useme ilikufanya nini. Tuseme mwenzako ameandika hivi:

"Mama alilikunja shuka, akalifunua, akalikunja tena. Alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni."

Unaweza kumjibu: "Nilipofika 'akalifunua, akalikunja tena' nilirudi nyuma nikasoma upya. Nilijua kuna jambo zito nyumba hiyo kabla hujaniambia." Hapo hujamwambia afute chochote, lakini yeye mwenyewe ataona kwamba sentensi ya kwanza ilishamaliza kazi na ya pili inarudia. Sifa iliyolenga mahali huwa ni uhariri pia.

Kwa hadithi ya maneno 1,000, mahali 3 au 4 panatosha. Ukimwekea alama 20, hata zikiwa za sifa zote, hatajua ashike lipi aache lipi. Na tunakuomba upunguze "una kipaji." Mtu akiambiwa ana kipaji hajui afanye nini kesho anapokaa kuandika, pengine ataogopa hata kuandika kitu kibovu. Sifu uamuzi aliofanya: alipoanzia hadithi, neno alilolichagua, jambo alilolinyamazia. Uamuzi anaweza kuurudia.

Na kwa shairi je? Mimi si mshairi kabisa.

Lisome kwa sauti. Ulimi utakuambia mengi kabla ya elimu. Chukua mshororo huu: "Moyo wangu watamani, kukuona tena." Ukihesabu silabi, kipande cha kwanza kina mizani 8 na cha pili kina 6, na kama mishororo mingine yote ni 8 kwa 8, msomaji anajikwaa baada ya "tena." Mwambie hivyo hivyo: mshororo gani, kipande gani, mizani mingapi, ulijikwaa wapi. Usimpe neno la kujazia. Hizo silabi 2 ni zake kuzitafuta, na akizipata mwenyewe shairi linabaki lake. Likiwa shairi huru, mwambie pumzi yako ilikatika wapi na picha gani ilibaki nawe baada ya kufunga simu.

Kundi letu lina watu 60. Mtu akiweka hadithi ya maneno 5,000 anapata vidole gumba vitatu na kimya. Tatizo ni nini?

Fanyeni hesabu. Kwa mwendo wa maneno 200 kwa dakika, hadithi hiyo inamla msomaji dakika 25, na maoni ya maana yanamla nusu saa nyingine. Karibu saa nzima, na kila mmoja kati ya wale 60 anaamini yuko mwingine atakayeitoa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kazi ya wote imekosa mwenyewe.

Bakini na kundi kubwa kwa salamu, habari za mashindano na mazungumzo, lakini kusomeana kuhamie kwenye vikundi vya watu 5. Kila wiki mmoja anaweka kazi, siku inayojulikana, isiyozidi maneno 2,000. Wanne wengine wana siku 7 za kujibu. Zamu inakufikia kila baada ya wiki 5, na kila unapotoa kazi yako moja unakuwa umesoma nne za wenzako. Urafiki wa kalamu hukua hapo, kwa sababu ukishasoma sura nne za mtu unaanza kuijua sauti yake, na unaona alipoipoteza.

Anayeweka kazi atangulize mistari mitatu: hii ni rasimu ya ngapi, anataka kujua nini, na nini kiachwe kwanza. Kwa mfano: "Ni rasimu ya pili. Naomba mniambie mlichoka wapi. Tahajia nitairekebisha mwishoni." Bila mistari hiyo, mmoja atasahihisha nukta na mkato wakati mwenye kazi anahangaika kama mhusika wake anaaminika.

Wageni wana shida yao. Aliyeweka kazi kwa mara ya kwanza akakutana na kimya mara nyingi haweki ya pili, anaondoka bila kuaga. Admini ateue watu wawili wa kupokea wageni, na kazi yao iwe moja tu: kazi ya kwanza ya kila mgeni ipate jibu ndani ya saa 48, hata la sentensi tatu.

Sura ya kwanza ya rafiki yangu imejaa maelezo, inachosha. Nimemsifu sana huko nyuma, sasa naona haya kumwambia. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua kwamba unamdhulumu ukikaa kimya. Mhariri wa nje atamwambia kwa mstari mmoja, au hatamwambia kabisa.

Upo utaratibu tunaoupenda, ulioanzishwa na Liz Lerman, msanii wa dansi wa Marekani, mwaka 1990. Una hatua nne. Kwanza wasomaji wanasema kilichowagusa au kilichobaki nao. Pili mwandishi anauliza maswali, na wasomaji wanajibu lile lililoulizwa tu. Tatu wasomaji wanauliza, lakini maswali yasiyobeba hukumu. Nne, maoni, na hayo kwa ruhusa: "Nina maoni kuhusu kurasa tatu za mwanzo. Ungependa kuyasikia?" Mwandishi ana haki ya kusema bado.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu. "Kwa nini mwanzo umeuvuta hivi?" ni lawama iliyowekewa alama ya kuuliza. Jaribu: "Ungependa msomaji ajue nini kuhusu huyu mzee kabla safari haijaanza?" Akianza kujibu, mara nyingi atagundua kwamba katika mambo kumi aliyoyaeleza anayahitaji mawili.

Katika semina maarufu ya waandishi ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1936, desturi imekuwa mwandishi anyamaze wakati wenzake wanaichambua kazi yake. Chumbani hilo huwezekana kwa sababu anaziona nyuso. Kwenye simu hazioni. Maandishi hayana sauti wala tabasamu, na neno "inachosha" likisomwa saa sita usiku linakuwa kubwa kuliko ulivyokusudia. Kwa hiyo jambo zito lipeleke inboksi, mchana, ulitangulizie ujumbe wa sauti ili akusikie ulivyo, kisha umwandikie hoja zenyewe ili awe na kitu cha kurudia anapohariri. Na taja mahali: "Kuanzia aya ya 4 hadi ya 9 nilisubiri mtu aongee" ni bora mara nyingi kuliko "inachosha."

Hadithi ya rafiki yangu imekubaliwa na jarida. Yangu wamenikataa wiki hiyo hiyo. Nashindwa kumpongeza.

Mpongeze leo, kwa maneno machache, ukitaja kitu kimoja cha hadithi hiyo unachokikumbuka. Usimwambie habari zako ndani ya ujumbe huo huo. Utamlazimisha akufariji siku ya furaha yake. Mwambie baada ya siku mbili tatu, na umwombe akusomee ile iliyokataliwa. Maumivu yako ni halali na hayakufanyi rafiki mbaya.

Mwenzetu ameweka shairi la mtu anayetaka kujiua. Sijui kama ni sanaa au anajisema. Nijibu vipi?

Usikisie, muulize, na umuulize faraghani: "Shairi lako limenishika. Nakuuliza waziwazi kwa sababu nakujali: haya ni ya mhusika, au wewe mwenyewe unafikiria kujiua?" Kumuuliza mtu hivyo hakumtii wazo hilo kichwani, kwa wengi ni nafuu kwamba hatimaye kuna aliyeuliza.

Akisema ni la mhusika, mshukuru, rudini kwenye shairi. Akisema ni yeye, siku hiyo achana na vina na mizani. Msikilize bila kumhubiria. Muulize nani yuko karibu naye sasa hivi, umsihi ampigie huyo, au huduma ya msaada wa dharura ya nchi aliyopo, au aende hospitali. Kama ameshataja njia au wakati, usingoje: mtafute ndugu au rafiki anayeweza kumfikia, mshirikishe admini, na ujulishe huduma ya dharura ya huko aliko. Usimwahidi kwamba itabaki siri, na usilibebe peke yako.

Rafiki yangu wa kuandika amenyamaza wiki tatu. Alikuwa katikati ya riwaya. Nimfuateje bila kumsumbua?

Usianze na "Vipi, umeandika?" Kama hajaandika, swali hilo linakuwa deni jingine juu ya deni. Muulize kuhusu mhusika wake: "Jana nilimkumbuka yule dada uliyemwacha kituoni na sanduku. Hivi ndani ya sanduku kuna nini?" Swali la namna hiyo linamwonyesha kwamba watu wake bado wanaishi kichwani mwa mtu mwingine, na anaweza kulijibu hata kama hajagusa mswada.

Akijibu, mpe kitu kidogo chenye saa. Kwa mfano, jioni moja mkae wote wawili, kila mtu kwake, muandike dakika 25, kisha mtumiane sentensi moja tu kati ya mlizoandika. Msihesabu maneno. Mashindano ya kuandika maneno 50,000 kwa siku 30 yanadai maneno 1,667 kila siku, na yanawafaa walio na kasi tayari. Aliyekwama, lengo la namna hiyo humzamisha siku ya tatu. Maneno 100 yanamtosha.

Akikuambia anapumzika, au ana msiba, au kazi imemlemea, mwamini. Mwambie utamtafuta baada ya mwezi, na umtafute kweli. Asipojibu kabisa, subiri wiki mbili, tuma ujumbe mmoja usiohitaji jibu, kisha mwache. Jina lake libaki kwenye orodha ya zamu, na wiki yake ikifika irukeni bila kutangaza.