Baada ya filamu za magenge za Scorsese, uangalie nini?

Ndugu, umesema umemaliza filamu zote za magenge za Martin Scorsese na unataka zile zisizotajwa sana. Anza na After Hours ya 1985. Jamaa anapanda teksi usiku kwenda kwa msichana, noti yake ya dola 20 inapeperuka nje kupitia dirishani, na kuanzia hapo kurudi nyumbani kunakuwa kizaazaa. Unacheka huku roho inakudunda. Ilimpa Scorsese tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes, lakini waulize mashabiki wake, wengi hawajaigusa. The Age of Innocence nayo ni nzuri, kama mapenzi ya kujibana hayakuchoshi.

Ila kwa mshangao hasa, mtafute mwongozaji David Lynch. Huyu huyu wa filamu za majinamizi alitoa The Straight Story mwaka 1999, tena chini ya Disney! Mzee anasafiri kwa mashine ya kukatia nyasi kutoka Iowa hadi Wisconsin kumwona ndugu yake mgonjwa waliyekosana. Mashine ya kwanza inapomzimikia njiani, anarudi nayo nyumbani na kuipiga risasi. Inakwenda taratibu mno, kwa hiyo usiiwashe ukiwa na usingizi.