Bateri za kWh 5 kwa mashua ya matanga ya futi 30: hazitoshi

Unataka kutoa injini ya dizeli na kuendesha mashua kwa mota ya umeme na bateri za kWh 5? Kutoka na kuingia bandarini, ndiyo, zinatosha. Zaidi ya hapo, hapana. Mashua ya tani 4 kama hiyo, ukishatoa injini yake ya dizeli, tuseme Yanmar 2GM20, itakula takriban kW 2.5 ikienda maili 4 za baharini kwa saa kwenye maji matulivu. Tumia asilimia 80 ya kWh 5, umebaki na saa moja na nusu hivi, na upepo wa mbele utaikata zaidi. Ukitaka maili 6 kwa saa, mahitaji yanaruka mara tatu au zaidi, kwa hiyo kasi ndiyo adui wako mkubwa.

Weka seli 16 za LiFePO4 (aina ya bateri ya lithiamu) za Ah (ampea-saa) 280: volti 51.2, kWh 14 na ushee. Hapo una maili 18 hivi kwa kasi ile ya maili 4 kwa saa. Mota ya kW 10 itavuta ampea 200 ikikamuliwa, basi kebo isiwe chini ya mm² 70, na fyuzi ya Class T (aina inayokata haraka mkondo mkubwa sana) ikae karibu kabisa na bateri.

Kinachosahaulika sana ni beringi ya msukumo. Giaboksi ya dizeli ndiyo iliyokuwa inabeba msukumo wa propela. Ukiitoa, shafti inasukuma mota moja kwa moja na beringi zake zinakufa mapema. Nunua mota yenye beringi hiyo, au ifunge kando kwenye shafti. Halafu pima uwazi kati ya flanji mbili, ya mota na ya shafti, kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi): ukizidi mm 0.1 upande mmoja kuliko mwingine, mtetemo hautaisha.