Muulize Bibi Shamba: Watoto wa mwinjilisti na shamba la kanisa

*Barua tatu za mwezi huu zimetoka Kanda ya Kati. Anayejibu ni bibi shamba mstaafu, mke wa mchungaji.*

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba, Bwana asifiwe. Mume wangu ni mwinjilisti. Tulitoka Kilolo, mkoani Iringa, tukatumwa Chemba kufungua mtaa wa kanisa na kufundisha kilimo cha mashimo, kile wanachokiita Kilimo cha Mungu. Wanakijiji wamempokea vizuri. Tatizo liko nyumbani. Shamba darasa ni ekari moja na wanaolilima ni watoto wangu watatu. Kila Jumamosi wanaamshwa alfajiri, na palizi ya shamba letu sisi inasubiri mpaka magugu yametuzidi. Mkubwa ana miaka 15, ameacha kwenda kipaimara. Anayemfuata yuko darasa la sita, juzi amesema mbele ya wageni kwamba hataolewa na mtu wa kanisa. Mume wangu anasema nikimtetea kijana nitakuwa kama Eli, na anataka kumchapa mpaka arudi darasani. Nifanyeje?
*Mama wa watatu, Chemba*

JIBU: Marahaba mwanangu, Amina. Barua yako nimemsomea mzee wangu, ambaye amechunga sharika za vijijini tangu tuoane, na haya ninayoandika tumeyazungumza wawili. Mpe mumeo asome mwenyewe, maana mengi nitamwambia yeye.

Mwinjilisti, fimbo iweke chini kwanza. Hofni na Finehasi, wana wa kuhani Eli, walikuwa watu wazima, tena makuhani. Walipora nyama ya sadaka kwa nguvu na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Eli alilaumiwa kwa kuwa aliujua uovu huo na hakuwazuia. Kijana wako hajampora mtu. Amechoka. Ukimchapa ili aende kipaimara atakwenda, atakariri Amri na Imani, atawekewa mikono siku ya Jumapili ukiwa umevaa suti, na Jumatatu hutajua amekwenda wapi moyoni mwake.

Sasa tuje kwenye shamba. Mnafundisha sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na 60 kati ya shimo na shimo. Piga hesabu: ekari moja inabeba mashimo karibu 9,000. Kila shimo lichimbwe, litiwe samadi, lifukiwe, lipandwe, lipunguziwe miche, lipaliliwe. Kazi hiyo mmewapa watoto watatu wanaosoma! Katika miaka yangu yote ya ugani sikuwahi kumshauri mtu mzima aanze na ekari nzima kwa jembe la mkono. Brian Oldreive, mkulima wa Zimbabwe aliyeianza njia hii miaka ya 1980, alifundisha mambo manne: fanya kwa wakati, fanya kwa kiwango, usipoteze kitu, fanya kwa furaha. Hilo la nne ni sehemu ya somo kama yale mengine. Jirani anayepita Jumamosi asubuhi akawaona watoto wa mwinjilisti wamenuna juu ya majembe, amejifunza nini kuhusu Mungu wako?

Punguza shamba darasa. Walimu wa njia hii huanza na kipande cha mita 6 kwa 6, wakakiita bustani iliyotiwa maji, kwa neno la Isaya 58:11. Kipande hicho kinaingia mistari minane yenye mashimo kumi, yaani mashimo 80 tu. Mwanakijiji akikiona anaweza kusema, hata mimi nitaweza. Ekari yako inamwambia kwamba jambo hili ni la watu wenye mradi. Watakaotaka kujifunza zaidi wachimbe wenyewe, kwa zamu, kwenye mashamba yao. Na kama bado mnapanda mahindi kwa kuwa ndiyo mliyoyazoea Kilolo, acheni. Chemba ni nchi ya uwele, mtama, alizeti na karanga. Waulizeni kina mama wenyeji wanapanda lini, nanyi mpande siku hiyo.

Kijana mpe kipande chake, mita 6 kwa 6. Aamue mwenyewe apande nini. Mavuno yawe yake na fedha iwe yake, na fungu la kumi atoe au asitoe bila wewe kumtazama usoni. Najua hili litakukera kuliko yote. Lakini mtoto ambaye hajawahi kumiliki kitu hajui kutoa ni nini, anajua kunyang'anywa tu.

Kuna jambo lingine ambalo mama hakuliandika, ila nalisoma katikati ya mistari, kwa kuwa nimelea watoto katika nyumba za kanisa: je, unawataja watoto mimbarini? Yule aliyekojoa kitandani, yule aliyefeli hesabu, yule aliyeponywa baada ya maombi? Wakienda kisimani wenzao wanawarudishia hadithi hizo kwa kicheko. Usimtaje mtoto katika mahubiri bila kumwomba ruhusa, na akikataa, tafuta mfano mwingine. Biblia ina mifano ya kutosha.

Kwa huyu binti wa darasa la sita, msimkemee. Amesema alichokiona. Anamwona mama yake akipika ugali wa wageni na kubaki na ukoko, anamwona baba yake akitabasamu kwa kila mtu njiani na kufika nyumbani akiwa hana neno. Wageni wa huduma hawaishi, hilo halibadiliki. Linaloweza kubadilika ni kwamba watoto wapakuliwe kwanza kabla sinia halijaenda barazani, na jioni moja kila wiki mlango wenu usiwe na hodi ya mtu. Watangazieni wazee wa kanisa jioni hiyo ni ipi. Watazoea.

David Livingstone, mmisionari ambaye wote tunamjua kwa habari za Ujiji, aliwapandisha meli mkewe Mary na watoto wanne huko Cape Town mwaka 1852 waende Uingereza, yeye akabaki Afrika. Simsemi kwa ubaya. Aliichukia biashara ya utumwa na alikufa katika kazi yake. Lakini mwenyewe aliandika kwa majuto kwamba jioni alikuwa amechoka mno hata asicheze na wanawe, na walikua yeye hayupo. Mwanawe Robert alikufa mwaka 1864 katika vita vya Marekani, akiwa amejiandikisha jeshini kwa jina lisilo lake. Kila nikifika kwenye habari hiyo ya jina naumia.

Wimbo Ulio Bora 1:6 yuko binti anayelia kwamba walimweka alinde mashamba ya mizabibu ya watu, na shamba lake mwenyewe hakulilinda. Sisi tunaoishi Dodoma, kati ya mizabibu, tunaisoma aya hiyo na kuipita. Mwinjilisti, isome usiku mmoja ukiwa na mkeo, halafu umuulize yeye anaionaje. Kisha mwite kijana, mkae wawili, umuulize kwa nini ameacha kipaimara. Nyamaza mpaka amalize.

SWALI: Bibi Shamba, tunafundisha watu wafunike udongo kwa mabua, tukiita blanketi la Mungu. Kila mwaka ng'ombe wanalila blanketi lote kabla ya mvua, na wafugaji wanatuona wachoyo. Tufanyeje?
*Mwinjilisti kijana, Manyoni*

JIBU: Huko mliko, mazao yakishavunwa mabua ni ya mifugo. Utaratibu huo umewakuta na hamuwezi kuufuta kwa semina ya siku mbili. Msigombane na wafugaji kwa jina la Mungu. Kusanyeni sehemu ya mabua mapema, muyaweke juu ya kichanja au mtini, myatandaze mvua ikikaribia. Huko juu mchwa nao hawatayafikia kwa urahisi. Mengine waachieni ng'ombe, nanyi mwombe samadi. Mfugaji aliyekuachia samadi bure ameshakuwa rafiki.

Majani mengine mtayapata kwa kisiki hai. Tony Rinaudo, mmisionari kutoka Australia aliyeishi na mkewe Liz na watoto wao huko Maradi, Niger, alihangaika kupanda miche ambayo ilikufa karibu yote. Mwaka 1983 akatambua kwamba vichaka alivyokuwa akivipita jangwani vilikuwa miti iliyokatwa, na mizizi ilikuwa hai chini. Kazi ikawa kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kupogoa mengine na kuyalinda. Hapa Dodoma kazi hiyo inafundishwa na shirika la LEAD Foundation, pamoja na shirika la Justdiggit, tangu 2018, na wakulima wengi wanaijua kwa jina la Kisiki Hai. Matawi mnayopogoa yafanyeni kuni, majani tandazeni shambani. Hamhitaji kununua hata mche mmoja.

SWALI: Kanisa letu limepata mbegu za msaada. Baadhi ya wazee wanataka wapewe waliookoka tu, wengine wakishabatizwa watapata. Ni sawa?
*Mhazini wa mtaa, Bahi*

JIBU: Si sawa. Mathayo 5:45: Baba anawanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Mtu aliyebatizwa kwa ajili ya debe la uwele mtamlea vipi mbegu zikiisha? Na jirani yenu Mwislamu, ambaye watoto wake wana njaa ile ile, mtamwambia nini mkikutana kisimani? Wewe ndiye mwenye daftari, simama imara. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji, muombe orodha ya kaya zenye uhitaji mkubwa, wajane na wazee wanaolea wajukuu wakiwa juu. Gaweni mchana, uwanjani, kila mtu akiona, na mbegu ziwe mikononi mwa watu kabla mvua ya Desemba haijashuka.